Kicheko cha Fundi Miavuli

Siku ya Alhamisi, tarehe sita Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua ya rasharasha ikilowanisha mabati ya studio bila kuthubutu kuyapigia kelele, Mkaguzi alivua koti lake, akalitundika nyuma ya mlango, akaketi na kuwapa kisogo watu waliomwalika.

Hakufanya hivyo kwa utovu wa adabu. Ndivyo alivyofunzwa. Katika shule ya bweni aliyosoma, shule ambayo hadi uzeeni aliitaja kama wengine wanavyoutaja ukoo wao, mwamuzi wa mdahalo aliketi akiwa amewageuzia wasemaji mgongo, ili aipime hoja asiipime sura. Desturi hiyo aliondoka nayo kama mtu anavyoondoka na kovu. Miaka yote alipokuwa mkaguzi wa shule alifunika majina ya walimu kwa kipande cha karatasi kabla ya kusoma maandalio yao, na hakuwahi kumpendelea mtu, wala kumwonea. Majirani walikwisha kulisahau jina lake halisi. Aliitwa Mkaguzi sokoni, aliitwa Mkaguzi misibani.

Alipostaafu, kampuni moja iliyokuwa ikitia sauti za Kiswahili katika anime, yaani katuni za Kijapani, ilimwomba awe msikilizaji wake wa kwanza, atazame kila tamthilia kabla haijatoka na kutoa maoni pasipo kuficha. Alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, asiambiwe kamwe nani katia sauti ipi. Hata majina ya mwishoni yaondolewe. La pili, maoni yake yarekodiwe, na waigizaji wayasikie kwa kinywa chake mwenyewe, yasije yakawafikia yametiwa sukari njiani.

"Haya, Mzee," alisema msimamizi wa studio, kijana mwenye nywele nyingi ambaye kila mtu alimwita Kipara. "Maikrofoni iko wazi. Tuanze na ipi?"

"Tuanze na ile ya makelele."

Fundi sauti, aliyekuwa ameinamia mitambo yake, alicheka puani. Ile ya makelele ilikuwa habari ya vijana wenye mapanga waliolinda mji uliojaa saa za ukutani.

"Nimeitazama yote," alisema Mkaguzi akiutazama ukuta. "Picha ni nzuri, sitawanyima haki yao. Ila naomba kuuliza. Adui amesimama, upanga uko juu, na huyu kijana anatangaza jina la pigo lake, ukoo wa pigo lake, na mwalimu aliyemfunza pigo lake. Adui anangoja nini? Wana miadi?"

"Ndiyo anime ilivyo, Mzee. Mashabiki wanasubiri hapo hapo wapige ukelele pamoja naye."

"Basi mashabiki wana subira kunishinda. Kijana anatamka vizuri, mpeni pongezi. Yule babu yake mwambieni kwamba kuzeeka si kukohoa. Mimi ni mzee, na sikohoi kila penye nukta."

"Na ya kwaya?"

"Wasichana wa kwaya wanalia mno. Wakishinda wanalia, wakishindwa wanalia, mkate ukianguka wanalia. Ningekuwa mwalimu wao ningewapeleka kwa daktari wa macho." Aliwaacha wacheke, kisha akainua kidole. "Hata hivyo, pale yule mnyonge wao anapobaki darasani peke yake akifuta ubao, hakuna chozi wala muziki, na hapo ndipo niliposhikwa. Aliyetia sauti alijua kunyamaza. Wengi hawajui."

Ilibaki ya tatu. Ilihusu mwanamke mwenye duka jembamba la kutengeneza miavuli, anayeletewa kazi na pepo wa mvua ambao hakuna awaonaye isipokuwa yeye na mwanawe. Mkaguzi alijiweka sawa kitini.

"Hii ndiyo bora kupita zote," alisema, "na ndiyo sababu nina hasira nayo. Haina vita, haina kiburi. Mwanamke anakunja waya, mtoto anashika taa, mvua inanyesha, nawe huwezi kuondoka kitini. Huyo mliyempa sauti ya mama anasema vizuri. Anapomkaripia mtoto, unasikia kwamba anampenda. Lakini katika sehemu ya nne upepo unaupindua mwavuli na kumkokota barabarani, naye anacheka, na hapo anaharibu kila kitu."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Kicheko chenyewe kinaanza kama mtu aliyepaliwa. Kinapanda, kinakatika katikati kama anaomba msaada, halafu kinarudi kwa mkoromo. Mkoromo! Huyu ni mama wa mtu. Mimi nimeishi na mke kwa heshima hadi Mungu alipomchukua, nikalea binti, na sijapata kumsikia mwanamke akicheka hivyo ndani ya nyumba yake. Ni kicheko cha kuazima. Ni cha uongo."

Fundi sauti alivua hedifoni. "Mzee, sisi hapa huwa tunacheka naye mpaka tunasimamisha kazi. Chiriku akianza tu..."

"Majina!" Mkaguzi aliinua kiganja bila kugeuka.

"Samahani, Mzee."

"Mnampenda, ndiyo taabu yenu. Mnamvisha kilemba cha ukoka, naye anakivaa. Mwambieni abadilishe kicheko."

Kipara alikuna kichwa. "Tulishamwomba abadilishe, mapema kabisa. Alisema atarekodi upya maneno yote tukitaka, lakini kicheko hicho hakigusi."

"Basi badilisheni mtu."

Alivaa koti lake, akawapa mkono mmoja baada ya mwingine, akatoka akitembea wima katikati ya manyunyu, moyo wake mweupe kama wa mtu aliyetimiza wajibu.

Jumamosi alasiri alitembelewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mshonaji mwenye ulimi mwepesi aliyejipa kazi ya kuhakikisha kwamba mgane huyo anakula. Nyumba ilimpokea kama ilivyompokea kila mtu: viti vimepangwa mstari mmoja, mapazia yamefungwa kwa urefu sawa, viatu mlangoni vikitazama nje. Shemeji alivipita viti vyote, akaenda moja kwa moja jikoni.

"Binti yetu anakuja kesho?" aliuliza kwa sauti kutoka huko, akijaza birika.

"Huja kila Jumapili. Anapika, anaosha vyombo, anaondoka. Hana domo, namshukuru Mungu." Alijua kwamba binti yake alikuwa akipokea simu za wateja katika kampuni fulani, na alikuwa amekwisha kujiuliza, bila kumuuliza mwenyewe, kazi hiyo aliiweza vipi msichana asiyezidisha maneno matano mezani.

Aliwasha televisheni. Sehemu zilizosalia za *Fundi Miavuli* alikuwa amepewa azisikilize kwa ajili ya sauti nyingine, ya mama ikiwa bado ile ile ya zamani. Hilo lilikuwa la kweli. Ila lilikuwa kweli pia, ingawa asingelikiri hata kwa kushikiwa fimbo, kwamba alitaka kujua kama lile duka lingevunjwa au lingeachwa.

Katika sehemu ile pepo mdogo wa mvua alijificha ndani ya mwavuli na kumlowesha mteja mwenye majivuno. Mwanamke alijizuia, akajizuia, kisha akashindwa. Kikaja: kupaliwa, kupanda, kukatika, mkoromo.

Jikoni kifuniko kilianguka sakafuni na kuzunguka, kikazunguka, kikatulia.

Shemeji alitokea mlangoni, mikono ikidondosha maji. Hakuitazama televisheni. Alitazama kule ukumbini, kwenye mlango wa chumba cha kulala.

"Dada?" alisema.

Kisha akageuka, akaona picha, akashika mwimo wa mlango. "Shemeji, rudisha nyuma."

"Kuna nini?"

"Rudisha, nakuomba."

Alirudisha. Shemeji alisikiliza amesimama. Akasikiliza tena amekaa juu ya mkono wa kiti, mahali ambapo hakuna mtu aliyepata kukaa katika nyumba ile, akicheka na kulia kwa pamoja. "Ni yeye. Katolewa mzimamzima. Hadi ule mkoromo, jamani, hadi mkoromo!"

"Acha mchezo, shemeji. Mke wangu hakuwa akicheka hivyo."

"Ulimsikia akicheka lini?"

Mkaguzi alifumbua kinywa ili ajibu, kwa kuwa jibu lilikuwa dogo, na kila mtu anajua mkewe anavyocheka. Alitafuta harusi yao. Alitafuta siku mtoto alipozaliwa. Alichokipata ni uso mtulivu na vidole vilivyoletwa midomoni.

"Alikuwa akitabasamu," alisema.

"Ndiyo. Ukiwa ndani alitabasamu." Shemeji alijifuta macho kwa kiwiko. "Nisikilize, sikutukani. Ukishatoka asubuhi, humo jikoni tulikuwa tunacheka hadi tunashikilia meza. Dada akianza hivyo, mtoto anaanguka chini, anagaagaa, anaomba maji. Halafu linasikika lango. Ulikuwa na kikohozi chako pale langoni, unakijua? Kidogo tu, cha kusafisha koo. Dada anajipangusa uso, anasema, 'Haya, nyoosheni migongo, mkaguzi kafika.' Ukiingia unakuta darasa."

"Hakuna aliyeniambia."

"Tukuambie nini? Kwamba tunacheka? Ungeuliza sababu. Na ukishaeleza sababu, kicheko kinabaki wapi?"

Picha ilikuwa imesimama pale alipoisimamisha, mwanamke na kinywa wazi. Mkaguzi aliinyooshea kidole.

"Huyu aliyetia sauti," aliuliza polepole, "kakipata wapi?"

Shemeji alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko maneno yote. "Shemeji. Jikoni tulikuwa watatu. Mmoja amekufa. Wa pili ni mimi, nami nashona nguo."

Chai ilichemka ikamwagikia jiko, wala hakuna aliyeinuka. Shemeji alipokwisha kuondoka, Mkaguzi alirudia sehemu ile peke yake. Hakumtafuta tena mkewe. Alimtafuta binti yake. Alifumba macho kama afanyavyo mwamuzi, akachambua kila neno: pumzi, lafudhi, mahali anapomalizia sentensi. Sauti ilikuwa pana, yenye utani, isiyomwogopa mtu. Alimsikiliza mwanawe mwenyewe kama unavyomsikiliza mgeni redioni, na hakumtambua popote.

Jumapili alipanga sahani mbili. Binti hakuja.

Jumatatu asubuhi jua lilikuwa limekausha barabara, naye alikuwa mlangoni mwa studio kabla hakujafunguliwa. Kipara alifika na funguo mkononi, akamkuta hapo.

"Mzee! Leo si siku yako."

"Chiriku yupo?"

Kipara alikodoa macho. "Leo Mzee anataja majina?"

"Nimekuuliza swali."

"Atakuja saa hizi kuchukua vitu vyake. Tulimsikilizisha maoni yako ile ile Alhamisi, kama ulivyoagiza. Alisikiliza yote, akasema asante, akaomba siku ya kukusanya vilivyo vyake. Mwenzake aliyechukua nafasi anaanza mchana."

"Nayafuta maoni yangu."

"Kwa sababu gani?"

Mkaguzi aliwahi kuwauliza walimu swali hilo katika shule nyingi kuliko alizoweza kukumbuka, na ndiyo mara ya kwanza alipojua uzito wake. "Nilikosea," alisema. "Hukumu haikuwa na msingi."

"Kwangu ni furaha, Mzee. Nafasi ni yake. Msubiri umwambie mwenyewe."

Walimkalisha katika chumba cha mapokezi, penye kalenda na jagi la maji. Akiwa hapo alisikia watu wakiingia kwa mlango wa nyuma. Viti vikasukumwa katika chumba cha kurekodia. Sauti ya fundi ilisema jambo lisilosikika vizuri, kitu kuhusu wale wasichana wa kwaya na daktari wa macho, na mara, nyuma ya ukuta mwembamba, mtu akapaliwa. Kicheko kilipanda.

Alisimama. Hakikuwa cha televisheni. Kilikuwa hai, chenye joto, kilicheka maneno yake yeye, Mkaguzi, na kilikuwa umbali wa mlango mmoja. Alitembea kwa kunyata kama mwizi, mzee mzima mwenye koti lililopigwa pasi, hadi akaweka mkono kwenye kitasa. Hapo koo lake, lililozoea milango tangu ujana, likajisafisha lenyewe.

Kikohozi kidogo tu.

Ndani pakawa kimya.

Alifungua. Binti yake alikuwa amesimama kando ya maikrofoni, hedifoni shingoni, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, baba," alisema kwa sauti ya Jumapili.

"Marahaba."

Fundi sauti aliwatazama wote wawili. "Baba?" aliuliza. Alijifanya ana waya wa kutafuta, akatoka na kuwafungia mlango taratibu.

"Jana hukuja," alisema Mkaguzi.

"Sikuja."

"Kwa nini ulinificha kazi yako?"

"Ungekuja kuikagua." Alisita. "Na ukaja."

"Sikujua kwamba ni wewe."

"Najua, baba. Mimi ndiye niliyejua." Alivua hedifoni, akauzungusha waya wake mkononi kwa uangalifu. "Walipotuambia msikilizaji ni nani, wenzangu waliogopa. Mimi nilifurahi. Nilisema, safari hii atanisikia bila kuniona. Hataona nimekaaje wala nimevaa nini. Atasikia tu. Kile kicheko nilikifanyia mazoezi chumbani kwangu hadi jirani akaja kuuliza nina mgeni gani. Nilijua tu kwamba ukimsikia mama, utamjua. Utageuka kitini. Nilimwomba fundi anieleze: aligeuka?"

Mkaguzi alikumbuka ukuta.

"Sikumjua," alisema mwishowe.

"Hukumjua."

"Nina deni kwako," alisema, akijikaza, maana katika shule yake mtu aliyekosea alisimama na kusema kosa lake. "Nimeyafuta maoni. Msimamizi amekubali, nafasi ni yako. Nitakaa mbele ya maikrofoni hii hii, nitayasema yote, waigizaji wote wasikie kwamba nilihukumu nisichokijua."

"Deni hilo silipokei."

"Hukunielewa..."

"Nimekuelewa. Ulisema hujapata kumsikia mwanamke akicheka hivyo nyumbani kwake. Ni kweli, hukupata. Uliyoyasema Alhamisi yalikuwa haki, uliyasema hujui ni nani. Ya leo unayasema kwa kuwa umekwisha kujua ni mimi. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba hukumu ya namna hiyo haifai kitu, tangu nikiwa na daftari la hesabu. Nikiichukua hii nafasi nitakuwa nimependelewa, na sijawahi kupendelewa. Sijui hata kunavyokuwa."

Alikuwa amesema maneno mengi kuliko aliyosema mezani mwaka mzima. Mkaguzi aliyasikia, kila moja, na akatamani yasiishe hata yakiwa ya namna ile.

"Mimi ni baba yako," alisema. "Si mwamuzi."

"Tangu lini, baba?"

Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Mkaguzi alikivuta kiti cha fundi, akakigeuza, akaketi na kuutazama ukuta wenye sponji. Mabega yake yalikuwa yameshuka. "Nafasi iache, kama hutaki," alisema. "Lakini nikisikie kicheko mara moja tu. Sitageuka. Jifanye sipo."

Nyuma yake alisikia pumzi ikivutwa, ya mtu anayejiandaa. Alishika magoti yake kwa mikono yote miwili. Pumzi ilikaa ndani, ikakaa, kisha ikatoka tupu.

"Hapana, baba," alisema binti yake. "Na hiki sikupi. Kilikuwa nyumbani kwako miaka yote."

Alisikia zipu ya mkoba. Alisikia hatua zikimpita, zikasimama karibu ya bega lake. Alihisi mkono ukikaribia, akaungoja, nao ukarudi.

"Jumapili nitakuja kupika," alisema. Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Baadaye kidogo Kipara alichungulia. Alimkuta mzee ameketi vile vile.

"Vipi, Mzee? Amekubali?"

"Amekataa."

"Nafasi ameikataa? Wewe si umeyafuta?"

"Nililipa. Amekataa malipo."

Kipara alisimama hapo asijue aweke wapi mikono yake. "Basi tumwite yule mwingine?"

Mkaguzi alikigeuza kiti, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile.

"Mwiteni," alisema.